Chanjo ya malaria isiyokukinga wewe, inamkinga jirani yako: ungekubali kuchomwa?

#1 Kibuyu_Kikavu
Wakuu, salaam.

Jana usiku nimekorofishana na mama watoto kwa sababu ya mbu. Yeye ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku Morogoro. Tuko mezani, ananiambia kuna chanjo ya malaria inafanyiwa majaribio, ila ukichomwa, malaria unaumwa kama kawaida. Kazi yake ni kwamba mbu akikunyonya, vimelea vinaishia tumboni mwake, hawezi kumpelekea mtu mwingine. Nikamuuliza, "Sasa mimi napata nini?" Akajibu, "Wewe hupati kitu, anapata mtoto wa jirani."

Mtoto wa jirani mwenyewe ndiye aliyepiga mpira ukapasua kioo cha dirisha la chumbani kwangu mwezi uliopita, na baba yake mpaka leo anapita kama hanioni.

Hili jambo lipo kweli au nimepigwa kamba? Na nyie mngekubali? Msimamo wangu ni hapana. Mkono uvimbe wangu, kioo kilichopasuka changu, faida yake yeye?

#2 Mchapa_Lapa
Nawahi siti ya mbele. Waje wenye mbu wao.

#3 Haki_Kwanza
Nilijua tutafika huku. Kwanza wanakuja na chanjo inayokukinga kidogo, sasa wanakuja na ambayo haikukingi kabisa na wanakwambia ni kwa faida ya jamii. Kwa nini hawaanzi kujichoma wao? Siku zote Mwafrika ndiye panya wa maabara. Mleta uzi kaa na msimamo wako.

#4 Darubini
Mama watoto hajakudanganya. Mimi ni mtu wa maabara, nimekula miaka mingi nikitazama matone ya damu, wacha nieleze bila makuu.

Vimelea vikiwa kwenye damu yako, vingi vinazaliana na kupasua chembe nyekundu, ndiyo hiyo homa na kutetemeka. Vichache vinageuka kuwa dume na jike, kitaalamu gametosaiti. Hivi vya falsiparamu, aina ya kimelea inayoua zaidi, vina umbo la hilali, ukiviona mara moja huvisahau. Vinakomaa kwa siku 10 hadi 12, vingi vikiwa vimejificha kwenye uboho, halafu vinatoka kwenye damu kusubiri usafiri. Vyenyewe havikuletei homa wala maumivu.

Mbu jike akikunyonya, vikifika tumboni mwake vinakuta ubaridi, vinajua safari imeanza. Ndani ya kama robo saa dume moja linatoa mbegu mpaka nane zenye mikia, zinaanza kutafuta majike. Harusi yote inafanyika tumboni mwa mbu. Sasa chanjo hii inaufundisha mwili wako kutengeneza kingamwili dhidi ya protini za hao maharusi. Mbu anapokunywa damu anakunywa na kingamwili humo humo, harusi inavunjika. Ataruka zake mzima, ila wiki mbili baadaye hana cha kumpa mtu wa pili.

#5 Mchapa_Lapa
Kwa hiyo ni chanjo ya kuvunja ndoa. Hiyo kazi mawifi mtaani kwetu wanaifanya bure, bila sindano.

#6 Mtaalamu_Uchwara
Hii si ndiyo ile ile RTS,S, chanjo ya malaria ya watoto waliyopewa Wakenya na Wamalawi, halafu Wamarekani wakaleta nyingine ya bei poa, R21? Naona mnaizungusha tu.

#7 Darubini
@Mtaalamu_Uchwara hapana, na umechanganya mambo mawili. R21 ni ya chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, na inatengenezwa na Serum Institute ya India. Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio yake makubwa, pamoja na Kilifi, Mali na Burkina Faso.

La pili: RTS,S na R21 zote zinamvizia kimelea mlangoni, pale mbu anapokutemea mate na kimelea kinakimbilia kwenye ini. Zinamkinga aliyechomwa. Tunayoongelea hapa inamvizia kwenye mlango wa kutokea. Majina yake utayaona kama Pfs25, Pfs230, Pfs48/45, ni majina ya protini zinazolengwa. Mpaka sasa bado ni majaribio, huikuti kliniki yoyote.

#8 Jaber_wa_Ziwa
Mimi niko Homa Bay. Hiyo RTS,S ilizinduliwa huku kwetu Septemba 2019, na kijana wangu alidungwa zote nne: miezi sita, saba, tisa, na ya mwisho akiwa na miaka miwili. Sitawadanganya, malaria alipata tena mara mbili. Lakini hakulazwa. Dada yake aliyemtangulia alilazwa mara tatu kabla ya kuanza shule, mara ya mwisho akaongezwa damu usiku wa manane na mimi nimekaa kwenye benchi nikihesabu matone.

Kwa hivyo mtu akiniambia chanjo "inakinga kidogo" namwangalia tu. Hiyo kidogo ni kitanda cha hospitali ambacho mtoto wangu hakulalia.

#9 Haki_Kwanza
Dada Jaber pole kwa yaliyokupata, lakini hoja yako inanisaidia mimi. Wewe ulikubali kwa sababu MTOTO WAKO anafaidika. Hii ya leo mtoto wako hafaidiki. Ungempeleka?

#10 Jaber_wa_Ziwa
Kama jirani naye anampeleka wake, ndiyo. Mimi namkinga wake, yeye anamkinga wangu. Shida inaanza jirani akikataa.

#11 Dokta_Bila_Kiti
@Haki_Kwanza kuhusu #3, rekodi inakukatalia. Chanjo za aina hii zilianza kuchomwa watu wazima wa huko huko: Marekani, Uingereza, Uholanzi. Baada ya kuonekana hazina madhara makubwa ndiyo zikaja Mali na Burkina Faso, ambako pia walianza na watu wazima.

Na wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1976 watafiti walichanja kuku dhidi ya malaria ya kuku, wakaona mbu waliowanyonya hawaambukizwi. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

#12 Mchapa_Lapa
Subiri kwanza. KUKU WANAUGUA MALARIA? Na mimi jana nimekula kidari.

#13 Dokta_Bila_Kiti
Ni kimelea cha aina nyingine, hakikuhusu. Kula kwa amani.

#14 Haki_Kwanza
Walichomwa Ulaya, sawa, nakubali hilo. Walilipwa na walikuwa na bima. Wa kijijini Mali alilipwa nini? Halafu miaka karibu 50 tangu kuku na bado hamna kitu, hiyo yenyewe inakwambia nini? Kama kingekuwa kitu cha maana kingeshatoka.

#15 Mchumi_wa_Kijiweni
Hapo Haki_Kwanza umegusa penyewe ila sababu umeikosea. Haijatoka kwa sababu haina soko. Mteja wa chanjo ni mzazi anayeogopa kwa ajili ya mwanawe. Hii haina mteja. Mnunuzi atakuwa serikali na wafadhili tu, na wao wameshazoea R21 ya chini ya dola 4 kwa dozi.

Halafu angalieni gharama ya kuithibitisha. Chanjo ya kawaida unachanja mtoto, unahesabu ameugua mara ngapi. Hii inabidi uchanje kijiji kizima, uache kijiji kingine, uhesabu malaria ya wote. Kampuni gani itaweka pesa hapo?

#16 Darubini
Mchumi, pesa ni sehemu tu. Kuna ugumu wa kisayansi hata ukiwa na pesa za mafuta.

Chukua Pfs25. Kimelea kinaitengeneza kikiwa ndani ya mbu tu, mwili wa binadamu haujawahi kuiona. Uzuri wake ni kwamba kimelea hakijazoea kuikwepa. Ubaya ni kwamba ukiugua malaria mwili wako haupati wa kuukumbusha, kingamwili zinashuka mpaka uchomwe tena. Na kiwango kinachotakiwa ni kikubwa, maana mbu anabeba tone dogo tu na kingamwili lazima zitoshe humo. Pfs230 ipo tayari kwenye gametosaiti ndani ya damu yako, na kwenye majaribio ya Mali ilifanya vizuri kuliko Pfs25.

Mnajua tunapimaje? Damu inawekwa kwenye kikombe cha kioo chenye utando chini, inapashwa moto mpaka nyuzi 37 ili mbu adhani ni mtu. Mbu wenye njaa wako chini kwenye kopo wanafyonza kupitia utando. Baada ya kama wiki unampasua mbu mmoja mmoja, unatoa tumbo, unalitia rangi, unahesabu vijipele vya vimelea. Nimefanya hiyo kazi. Mbu 40 kwa siku na shingo inakufa ganzi.

#17 Mkulima_wa_Mpunga
Nasalimu kutoka Ifakara. Nyie mnapasua, sisi ndio tuliowakamata. Nilishakuwa kibarua wa utafiti, kazi yangu kukaa usiku na tochi na kifyonzeo nikichukua mbu kabla hawajauma. Niwaambie jambo, wanaopiga kelele sikioni wengi si wabaya wenu. Mbaya huku bondeni ni funestasi, anaingia ndani kimya usiku wa manane. Kwa idadi unaweza kumwona mchache, lakini maambukizi mengi yanatoka kwake.

Sasa swali langu. Msimu wa mpunga tunahamia shamba, tunalala kwenye vibanda vya nyasi kuwinga ndege, miezi. Kule hakuna kliniki wala neti ya maana. Hiyo chanjo ya dozi tatu nne itanifuata dunguni?

#18 Bi_Karafuu
Assalaam alaykum. Hii chanjo mnayoibeza nyie wa bara sisi Unguja ndio wa kuitaka. Huku maambukizi yako chini ya asilimia 1 miaka mingi sasa. Mtu akikutwa na malaria hospitali taarifa inatumwa kwa simu, ofisa anakuja mpaka nyumbani kupima waliomo. Alikuja mgeni wetu kutoka Tanga, akakutwa nayo, tukapimwa ukoo mzima, watu 11 sebuleni, tukatoka salama sote isipokuwa yeye. Alikuwa hata kichwa hakimuumi!

Malaria yetu kubwa inapanda boti. Wachomwe wanaoshuka bandarini na mambo yaishe.

#19 Mchapa_Lapa
Yaani sisi wa bara ndio mbu?

#20 Bi_Karafuu
Sikusema mbu. Nimesema usafiri wa mbu.

#21 Dokta_Bila_Kiti
Nimecheka kwa sauti ofisini. Lakini Bi_Karafuu, kuchoma bandarini hakutasaidia. Kingamwili zinahitaji dozi kadhaa na wiki nyingi kupanda, na mgeni wako amekuja kwa arusi ya siku tatu. Kwa msafiri kitu cha haraka ni kumpima na kumtibu.

Na hapa nitoe la moyoni. Kazi hii ya kumzuia mbu asibebe, tunayo dawa inayoifanya leo. Primakwini, dozi moja ndogo, robo miligramu kwa kilo ya uzito, inaua gametosaiti zilizokomaa. Shirika la Afya Duniani limeishauri kwa maeneo yanayokaribia kutokomeza malaria tangu 2012. Dawa ya mseto peke yake inakuondolea homa haraka lakini hizo hilali za Darubini zinaweza kubaki siku kadhaa baada ya wewe kujiona umepona. Kwa nini tungoje chanjo?

#22 Darubini
Kwa sababu ya wasiokuja kwako, Dokta. Primakwini anapewa aliyekuja kupimwa. Mgeni wa Bi_Karafuu asingekuja, kichwa hakimuumi. Kule Tororo, Uganda, walifuatilia watu kwa miaka, wakawalisha mbu damu zao. Sehemu kubwa ya mbu walioambukizwa walipata kwa watu wasio na dalili, hasa watoto wa umri wa shule. Hao wanacheza mpira, hawaumwi.

#23 Mchapa_Lapa
Wanacheza mpira na kupasua vioo. Kibuyu, mshtakiwa wako kapatikana.

#24 Kibuyu_Kikavu
Nipo, nasoma tu. Hii #22 imenikaa vibaya. Kwa hiyo yule mtoto anaweza kuwa ndiye anayetugawia?

#25 Darubini
Anaweza. Na wa kwako anaweza kumgawia yeye. Mbu haulizi mpaka wa kiwanja.

Swali la pembeni: hilo dirisha umeliziba?

#26 Kibuyu_Kikavu
Nimetundika kanga.

#27 Mama_Wawili
Kanga!! Mtu anajadili protini za tumbo la mbu huku amewafungulia mlango. Mke wako ana kazi.

Mimi naomba nirudi kwenye hoja ya mtu kuchomwa kwa faida ya mwingine, maana mnaiongea kama kitu kipya. Mwaka 2014 chanjo ya surua na rubela ilipokuja nilimpeleka mwanangu wa kiume. Rubela kinachoogopwa ni mjamzito kuipata, mtoto anazaliwa na tatizo la moyo, macho au masikio. Mwanangu hatashika mimba. Hakuna baba aliyesimama kuuliza "mwanangu anapata nini?"

#28 Haki_Kwanza
Mfano mzuri lakini haulingani. Rubela mvulana naye inampata, vipele na homa, hata kama ni kidogo. Na sindano hiyo hiyo ilikuwa na surua, ambayo inaua. Alipata chake. Hii ya mbu apewe mtu mzima mzima asipate CHOCHOTE, akipata madhara nani anabeba? Hapo hamjanijibu tangu #3.

#29 Mama_Wawili
Hapo kwenye madhara nakupa haki yako. Ila usiseme hakuna chake. Malaria ikipungua kijijini na yeye yumo kijijini.

#30 Darubini
Wapo wanaojaribu kukwepa ugomvi huu. Burkina Faso wamejaribu moja inayounganisha vipande vya Pfs230 na Pfs48/45 na kipande cha protini ile ile inayolengwa na R21. Mawazo ni kwamba sindano moja ishike mlango wa kuingia na wa kutoka. Ikifika mwisho Haki_Kwanza atakuwa na chake na jirani atakuwa na chake.

#31 Mtaalamu_Uchwara
Nilisema #6 kwamba ni kitu kimoja mkanicheka.

#32 Darubini
Hukusema hivyo.

#33 Mchumi_wa_Kijiweni
Wakati mnabishana chanjo, wenzenu Kwale wamepita njia nyingine kabisa. Walipewa vidonge vya ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, mbu akinyonya damu yenye dawa ANAKUFA. Matokeo yametoka 2025: maambukizi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26. Dawa yenyewe ya minyoo na upele, mtu anapata chake papo hapo. Hii ndiyo naita bidhaa.

#34 Mkulima_wa_Mpunga
Hiyo si tunawachoma ng'ombe? Kuna jamaa yangu alikunywa ya ng'ombe wakati wa korona, tulimpeleka hospitali kwa bodaboda.

#35 Dokta_Bila_Kiti
JAMANI. Ya ng'ombe ni ya ng'ombe, kipimo chake si cha binadamu. Mtu asitoke hapa kwenda duka la mifugo.

Mchumi, asilimia 26 ni nzuri, lakini ni juu ya neti ambazo tayari walikuwa nazo, na dawa inaisha mwilini. Mwezi ukikosa kunywa mbu wanarudi kama kawaida.

#36 Mzee_wa_Klorokwini
Nimesoma yote. Sisi tuliokunywa klorokwini tukajikuna usiku kucha mpaka ukuta ukawa mswaki, tumeona mengi. Ikashindwa. Ikaja SP, ile Fansidar, ikashindwa. Mseto nao sasa kule Kagera wameshaona vimelea vinavyochelewa kufa. Unguja anayoisifu Bi_Karafuu, malaria ilishushwa sana miaka ya 60, mradi ukafungwa 1968, ikarudi kwa kishindo. Si dawa iliyoshindwa pale, ni watu waliokunja jamvi mapema.

Kibaha tuna kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa ushirikiano na Wakuba, cha kuua viluwiluwi kwenye madimbwi. Halmashauri ziliambiwa na Rais Magufuli zinunue. Nendeni kwenye dimbwi lililo karibu nanyi mkahesabu viluwiluwi, mje mniambie habari za Pfs sijui ngapi.

#37 Mkulima_wa_Mpunga
Mzee, dimbwi la mtaani sawa. Mimi dimbwi langu ni ekari nne na ndilo linanilisha.

#38 Bi_Karafuu
Mzee_wa_Klorokwini umesema kweli tupu kuhusu 1968, marehemu babu alikuwa mpulizaji. Ndio maana nikasema wanaokaribia kumaliza waipate mwanzo. Penye moto mdogo ndipo pa kumwaga maji yaliyopo, si penye msitu unaowaka.

#39 Jaber_wa_Ziwa
Na sisi wa msituni tuungue? Mimi naona kinyume. Palipo na mbu wengi ndipo watoto wanakufa.

#40 Darubini
Wote wawili mna watetezi huko kwenye vikao vya wataalamu. Penye malaria nyingi mtu anaumwa na mbu wengi wenye vimelea, ukizuia nusu yao bado waliobaki wanatosha kumwambukiza. Penye malaria kidogo ukizuia nusu unaweza kukata mnyororo. Lakini hesabu hiyo haina mtoto wa Jaber ndani yake.

#41 Kibuyu_Kikavu
Nimemsomea mama watoto uzi wote. Amecheka kwenye mawifi, akakasirika kwenye kanga. Ametoa swali lake, nalileta kama lilivyo: "Waulize hao wasomi wako, nani amewahi kumaliza vidonge vyote 24 vya mseto?"

#42 Mchapa_Lapa
Kimya cha ghafla jukwaani.

Mimi nina 10 kwenye droo. Vya 2022.

#43 Mtaalamu_Uchwara
Nane. Nilivitunza kwa ajili ya wageni.

#44 Dokta_Bila_Kiti
Kwa wageni!! Bi_Karafuu, njoo uone mnachopandishiwa kwenye boti.

#45 Haki_Kwanza
Mimi huwa namaliza. Mnishambulie kwa mengine.

Kibuyu, msimamo bado ni hapana?

#46 Kibuyu_Kikavu
Ile ya kuunganisha ya #30 ikija nitachomwa. Hii ya mlango mmoja bado nasitasita, sitaki kusema uongo. Jirani nimekutana naye leo asubuhi, tumesalimiana, kioo hakikutajwa. Fundi anataka 35,000 kwa kioo na wavu wa mbu pamoja na mbao. Kuna anayejua bei ya wavu kwa mita hapa Moro mjini?

#47 Mama_Wawili
Usinunue wa plastiki, unaungua jua miezi sita umekwisha. Tafuta wa aluminiamu, na upime dirisha kabla hujatoka nyumbani.